Ndama Ofisini kwa Mwalimu Mkuu

Na ijulikane kote Iowa, mwaka huu wa 1954, kwamba hakuna utundu uliowahi kupangwa kwa ustadi kama wa Delbert. Ndama alikutwa ofisini kwa mwalimu mkuu, juu ghorofani, akitafuna daftari la mahudhurio.

"Aliyemleta, fainali ya mpira wa kikapu ya Ijumaa ataisikia redioni," mwalimu mkuu alitangaza, akimwachia ndama ukumbini, mbele ya wanafunzi waliokaa kwa safu.

Delbert, mfungaji bora wa timu, alitulia tuli.

Ndama akapita safu ya kwanza, akapita ya pili, akamjia Delbert moja kwa moja na kuanza kumnyonya vidole. Ulimi ulikuwa wa moto, unakwaruza kama msasa.

"Naona amempata mama yake."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Delbert. "Namnywesha maziwa kila alfajiri. Na ngazi nimempandisha mimi."