Kabla Soko Halijafunguliwa

Sheria ilikuwa wazi: kila mtu mzima ana hisa zake zinazouzwa na kununuliwa kwenye soko la hisa, kama kampuni, na habari yoyote inayogusa thamani yake sharti itangazwe kwa wanahisa wote kwa pamoja. Mwenzi wa ndoa hatangulizwi.

Elieshi alirudi kutoka hospitali amejifunika uso kwa kanga, kwa kuwa hata sura ilihesabiwa kuwa taarifa.

"Mama Aikaeli, daktari amesemaje?" mumewe aliuliza.

"Soko hufunguliwa saa tatu, Baba Aikaeli. Kunywa chai."

"Kohoa basi, nitaelewa."

"Unataka nifungwe?"

Saa tatu redio ilitangaza kwamba Elieshi ana saratani ya ini, nayo imekwisha kuenea. Kaka zake waliuza hisa zake, majirani wakafuata. Akafunua uso.

"Na wewe umeuza?"

"Bado," mumewe alijibu.