Sekunde za Kimya

"Damu mwilini inasukumwa na mo…"

Mwalimu Sihaba akanyamaza, akisubiri darasa limalizie, kama lilivyomalizia miaka ishirini na sita. Mbele yake palikuwa na simu tu, imeegemezwa kwenye birika.

"Mwalimu, umenyamaza tena," alisema Nasra, aliyekuwa akimfundisha kurekodi masomo ya mtandaoni. "Mwanafunzi atadhani simu yake imekwama. Malizia mwenyewe."

Hii ilikuwa mara ya tano, na somo lilitakiwa alasiri hiyo hiyo. Sihaba aliinuka, akazunguka meza, akaketi, akarekodi upya. Safari hii alimalizia kila neno. Nasra akapiga makofi. Lakini Sihaba alipojisikiliza, alisikia mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni.

"Futa, mwanangu."

"Jamani, Mwalimu! Muda!"

Akafuta mwenyewe, akaanza tena. "Damu mwilini inasukumwa na mo…"

Kimya. Nasra akafumba macho. Nje ya dirisha, cherehani ya jirani iliyokuwa ikilia tangu asubuhi ikasimama.

"Moyo," ikajibu sauti ya mwanamke mtu mzima, kwa aibu kidogo.

Taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa bado inawaka.

"Wote!" akasema Mwalimu Sihaba.