Kofia Isiyo na Kosa

Tangu wachimbaji wa chini ya bahari waruhusiwe kuja nyumbani kwa taswira, mume wangu Shee hukaa nasi kila Ijumaa wakati wa chakula cha mchana. Ukiwa mbali naye, mtambo humchora juujuu, rangi na umbo tu. Ukimsogelea, huongeza vinyweleo, makunyanzi, hata nyuzi za kanzu. Kampuni inaapa kwamba yote hayo hutoka mwilini mwake, kule aliko.

Leo nilimsogelea kuliko siku zote. Alivaa kofia niliyomshonea kwa mkono, kazi ya miezi saba. Kati ya vitobo vya nakshi yake, karibu na sikio la kushoto, niliziba kimoja makusudi, kama nifanyavyo kwa kila kofia yangu, ili niitambue popote. Nikakitafuta. Vitobo vyote vilikuwa wazi, vimepangana sawasawa.

“Shee, hii ndiyo kofia niliyokushonea?”

“Ndiyo, mke wangu. Siivui.”

Basi mtambo haukuwahi kuiona kofia ile kwa karibu. Ulikuwa na picha ya mbali, mengine ukajibunia. Na uso je?

Nikamgeukia mama yake, Bi Mishi, aliyekaa mwisho wa mkeka, mbali na Shee, pale anapokaa kila Ijumaa.

“Mama, hebu njoo umtazame mwanao kwa karibu.”

Hakuinua macho kutoka kwenye wali wake.

“Nilimtazama Ijumaa ya kwanza, mwanangu. Ndiyo maana nakaa huku.”