Nyenje Wawili wa Jade

Kidole cha pili cha Noé kilivunjika kwa sauti ndogo, kama kijiti kikavu. Mlinzi huyo alipiga yowe, akamwita marehemu mama yake.

"Bon," alisema mtu mwenye nyundo, akimgeukia mtaalamu wa makumbusho. "Maman Gracieuse, narudilia. Ya zamani ni gani?"

Alikuwa amevaa suti nyeusi na viatu vilivyong'arishwa, kama mtu aendaye msibani. Jumba la makumbusho lilikuwa halijafunguliwa kwa wageni alipoingia kwa mlango wa wafanyakazi, akampiga Noé kisogoni, akamfunga kwenye kiti kwa waya. Sasa damu ilikuwa ikidondoka kwenye sakafu ya maabara.

Mezani, juu ya kitambaa cheupe, walilala nyenje wawili wa jade, kila mmoja mdogo kama kidole gumba. Wadudu wa jiwe la kijani, mabawa yamekunjwa. Jicho lisilofunzwa halikuweza kuwatofautisha. Mmoja alitoka katika kaburi la China, na umri wake ulikuwa miaka elfu mbili. Mwingine, magazeti yalisema, alichongwa juzijuzi na tapeli mmoja mzee, mlevi wa kitongoji cha Evere. Yupi ni yupi, alijua Gracieuse peke yake. Ripoti yake ilikuwa bado haijatoka.

"Noé ana watoto," alisema Gracieuse.

"Donc sema. Ana vidole vinane bado."

Gracieuse alishika lenzi ili apate muda. Hakuihitaji. Jade haikatwi kwa kisu. Mafundi wa kale waliisugua kwa mchanga, siku baada ya siku, na mistari yao iliyumba kidogo. Nyenje wa kulia mistari yake iliyumba. Wa kushoto ilinyooka: mashine.

Miaka elfu mbili, aliwaza. Haiwezi kuishia mfukoni mwa mwizi.

"Huyu," alisema, akimgusa wa kushoto.

"Juu ya nini?" Alitaka sababu.

"Tazama mistari. Imenyooka kama uzi. Mkono ulioweza hivi ulikuwa mkono wa bingwa. Hawazaliwi tena watu kama hao."

Mtu yule aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Na hii ingine?"

"Takataka. Aliyeichonga alikuwa mlevi, au kipofu."

Kofi lilimwangusha chini, miwani ikaruka hadi ukutani. Alipoinua kichwa, kinywa kimejaa damu, mtu yule alikuwa amewageukia nyenje tena.

"Ku kaburi," aliuliza polepole, "balikuwa banaiweka wapi?"

"Kwenye ulimi wa maiti. Nyenje hutoka ardhini akiwa hai. Waliamini na mtu ataamka vilevile."

"Ku ulimi," alirudia, kama anayekariri anwani.

"Tonton, umekwisha kuonyeshwa!" Noé alimlilia, akimwita mjomba kwa kumbembeleza. "Beba, uende! Utuache!"

Nyundo iliinuka. Gracieuse alifumba macho, akingoja kusikia fuvu la Noé.

Pigo lilitua mezani. Jade ni ngumu, chuma kilidunda. Likaja la pili. Likaja la tatu, na kitu kikapasuka. Alipofumbua macho, nyenje wa kushoto alikuwa vipande sakafuni, na kisigino cha kiatu kile kizuri kilikuwa kikivisaga, kikivisaga, mpaka ikabaki unga wa kijani katika damu ya Noé.

Gracieuse alitazama unga ule, kisha nyenje wa kulia.

Mtu yule aliweka nyundo chini. Alipangusa mikono kwenye suruali, akatoa leso nyeupe iliyopigwa pasi. Kwa ncha za vidole, taratibu, kama anayemwinua mtoto mchanga aliyelala, alimchukua nyenje wa kulia, akamfunga katika leso, akaibusu.

"Ile yabo imekwisha, papa," aliinong'oneza, kana kwamba baba yake anasikia. "Hata leo bado banakuita mlevi. Kesho, mbele ya kufunga jeneza, nitaiweka ku ulimi yako. Kazi ya mikono yako."