Mjadala wa Mbonea na Mkewe

Siku hizo kila kilima cha Upare kiliruhusiwa njia moja tu ya kilimo, iliyochaguliwa kwa mjadala wa heshima. Upande ukishindwa, mitambo iliyofukiwa ardhini iliinyausha mimea yake.

Nakivona alipanda kwa kufuata mwezi, kama alivyofundishwa na mama yake. Mumewe, Mbonea, aliamini samadi iliyoivishwa ndani ya pembe ya ng'ombe. Walibishana jikoni bila kukwaruzana, na siku moja Nakivona akamwambia siri: mwaka mama yake alipougua, yeye Nakivona alipanda siku yoyote tu bila kuutazama mwezi, na maharage yakastawi vilevile.

Siku ya mjadala Mbonea alisimama. "Ndugu zangu, namheshimu sana mke wangu," alisema kwa upole, kisha akaisimulia siri yote. Watu wakapiga makofi, hata wa upande wa Nakivona.

Nyumbani Mbonea akammiminia mkewe chai. "Mama Kiangi, sikukutukana hata kidogo, au siyo?"

"Hukunitukana, Baba Kiangi."

Nje ya dirisha, maharage ya Nakivona yalikuwa yameanza kunyauka na kulala chini. Mbonea akamuuliza anawaza nini. Nakivona akasema hawazi kitu, na tangu hapo hakumwambia tena lolote, ila kwamba chakula kiko tayari.