Karatasi ya Mwisho

Kila alfajiri Mwanasiti aliinua viganja kumwomba Mungu wanawe wapende kusoma. Leo mapacha wake walikuwa wakilia. Kitabu chakavu alichokichana kufungia karanga kilikuwa na hadithi ya msichana aliyetumbukia kisimani. Walikuwa wameisoma karatasi kwa karatasi, na ile ya mwisho imeondoka na mteja.

Mwanasiti akaacha sinia, akamkimbilia. "Mzee wangu, naomba hiyo karatasi. Karanga nitakumiminia kofiani."

"Mbio zote hizi kwa karatasi, binti yangu?"

"Wanangu hawajui kama yule msichana alitoka kisimani."

Mzee akampa kofia, karanga zikamiminika. Akaikunjua karatasi, midomo ikaanza kucheza.

"Ngoja kwanza nimalize."

Mapacha wakafika wakihema, wakajipenyeza viwikoni mwake. Mwanasiti akabaki ameishika kofia, viganja vyote viwili vikitazama juu.