Hesabu za Ngiri

Juzi uwanjani nilisimama, mkono kifuani, nikauimba kwa sauti kubwa wimbo wa taifa wa wapinzani, nikidhani ni wetu. Ndiyo faida ya kutembea nchi nyingi. Kwa hiyo sina mdomo wa kumcheka Ngiri.

Ngiri alikuwa nahodha wa timu ya taifa kwenye Kombe la Wanyama. Walishafungwa mechi mbili, ikabaki moja, dhidi ya Digidigi. Asubuhi ya mechi hiyo akachora hesabu mchangani.

"Fisi amfunge Simba, Nyati atoke sare na Pundamilia. Hapo tukishinda tu, tunapita kama mshindwa bora."

"Na mazoezi, nahodha?" aliuliza Kobe, kipa wao, anayestaafu bila kuwahi kuvuka makundi hata mara moja.

"Mzee, usituletee nuksi. Wewe mwombee Fisi."

Fisi akamfunga Simba. Nyati akatoka sare. Nchi nzima ilikuwa barabarani ikishangilia matokeo hayo Digidigi alipowatandika bao la nne.

Ngiri akabamiza kabati la jezi. "Fisi kafanya kazi yake, Nyati kafanya yake. Sasa nani katuangusha?"

Kobe akavua glavu, akazikunja taratibu.

"Sisi."